Waifai ya ofisi izimwe saa ngapi, na kwa saa ya nani?

Agizo lenyewe huwa fupi. Mwenye kampuni anamwambia mtu wa TEHAMA: "Kuanzia Jumatatu, waifai izimwe saa mbili usiku, iwashwe saa moja asubuhi." Sababu zake zinaeleweka: hataki wapita njia watumie intaneti anayoilipia, hataki mtandao ubaki wazi wakati hakuna mtu wa kuuangalia, na pengine amesikia kwamba bili ya umeme itapungua. Karibu kila mfumo wa waifai unaouzwa kwa ajili ya biashara una ukurasa wa ratiba, wenye siku saba za wiki na visanduku vya saa 24 vya kupaka rangi kwa kipanya, kwa hiyo kazi inaonekana kuwa ya dakika tano. Ugumu hauko kwenye ukurasa huo. Uko kwenye mambo mawili ambayo agizo halikuyasema: ni kitu gani hasa kinachozimwa, na ni saa ya nani inayosomwa.

Kuzima nini?

Katika ofisi nyingi kifaa cha waifai kinachoning'inia darini kina waya mmoja tu, ambao hupitisha data na umeme kwa pamoja kutoka kwenye swichi, yaani kifaa kinachogawa mtandao kwa waya. Utaratibu huo unaitwa PoE; kiwango chake cha kwanza cha mwaka 2003 kiliruhusu swichi kutoa wati 15.4 kwa kila tundu, na cha mwaka 2009 kikafika wati 30. Swichi nyingi za kisasa zinaweza kuwekewa ratiba ya kukata umeme huo, na hapo kifaa kinakufa kabisa: hakirushi mawimbi, hakitoi taarifa, na fundi aliyeko nyumbani hawezi kujua kama kimezimwa kwa ratiba, kimeungua au kimeibwa. Hii ndiyo njia inayomvutia mtu anayefikiria umeme, nami naiona kuwa njia ya mwisho kufikiriwa.

Njia ya pili ni kukiacha kifaa kikiwaka lakini kuzima redio zake. Kifaa kinaendelea kuwasiliana na mfumo wa usimamizi kupitia waya, ila hewani kimenyamaza.

Njia ya tatu ndiyo ambayo kurasa nyingi za ratiba huifanya, iwe ni kwenye UniFi ya Ubiquiti, Omada ya TP-Link au Meraki ya Cisco, ingawa wengi wanaoitumia hudhani wanatumia ile ya pili. Kifaa kimoja cha waifai hubeba majina kadhaa ya mtandao kwa wakati mmoja: tuseme moja la wafanyakazi, moja la wageni, na jingine la kamera na mashine. Kwa mpangilio wa kawaida kila jina hutangazwa hewani takriban mara kumi kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 102.4, na ni matangazo hayo yanayoifanya simu ionyeshe orodha ya mitandao iliyo karibu. Ratiba ya aina hii husimamisha matangazo ya jina moja na kuwaondoa waliounganishwa nalo, huku majina mengine yakiendelea kama kawaida. Ndiyo maana mtandao wa wageni unaweza kulala saa mbili usiku wakati kamera zinaendelea kurekodi kupitia kifaa kilekile.

Njia ya nne haigusi mawimbi kabisa. Jina linabaki hewani usiku kucha, lakini anayejaribu kuingia anakataliwa kwa sababu ya saa. Ofisi ambayo kila mfanyakazi huingia waifai kwa jina lake na neno lake la siri huwa na seva inayoamua nani apite. Katika seva ya FreeRADIUS, kwa mfano, kila mtumiaji anaweza kuandikiwa saa anazoruhusiwa, na seva hukipelekea kifaa cha waifai idadi ya sekunde zilizobaki ili aliyeingia dakika kumi kabla ya muda kwisha aondolewe baada ya dakika kumi. Mhasibu anayefunga hesabu za mwezi anaachiwa hadi saa sita usiku. Mwanafunzi wa mafunzo kazini anaishia saa kumi na moja jioni.

Wapo pia wanaoweka ratiba kwenye ngome ya mtandao, ile inayosimama kati ya ofisi na intaneti, na hapo pana mtego unaochanganya watu sana. Ngome nyingi huangalia sheria pale mawasiliano yanapoanza tu. Yaliyokwisha kuanza huachwa yaendelee. Mtu aliyeanza kupakua faili kubwa saa mbili kasorobo hakatwi saa mbili ikifika, na meneja anayepita kwenye korido na kuiona kompyuta bado inapakua anahitimisha kuwa ratiba haifanyi kazi. Inafanya kazi, ila haijaelezwa kwamba mawasiliano ya zamani nayo yakatwe. Ngome ya pfSense huyakata yenyewe kwa mpangilio wake wa kawaida, nyingine zinahitaji kuambiwa.

Kwa wageni ningechagua njia ya tatu, na kwa wafanyakazi njia ya nne kama seva ipo. Njia mbili za kwanza zinafaa mahali ambapo kweli hakuna mtu wala mashine inayobaki, jambo ambalo ni nadra kuliko wenye kampuni wanavyodhani. Zaidi ya hayo, zina gharama ya asubuhi. Kifaa kilichokatiwa umeme huchukua dakika kadhaa kuamka, na kwenye bendi ya 5 GHz kuna ngoja nyingine: sehemu kubwa ya chaneli kuanzia 52 hadi 144 hutumiwa pia na rada, kwa hiyo redio ikiwashwa inatakiwa isikilize kwa sekunde 60 kabla ya kurusha chochote, na kwa kanuni za Ulaya, kwenye masafa ya rada za hali ya hewa kati ya 5600 na 5650 MHz, inasikiliza kwa dakika 10. Waifai iliyoandikiwa kuwashwa saa moja kamili inaweza kuwa tayari saa moja na robo, wakati foleni ya wateja imeshafika mlangoni. Anayechagua njia hizo aandike saa moja kasoro dakika ishirini, si saa moja.

Saa ya nani?

Turudi kwenye agizo la bosi: izimwe saa mbili usiku, iwashwe saa moja asubuhi. Msemaji wa Kiswahili anajua bila kufikiri kwamba hiyo ni 20:00 na 07:00. Sasa tuseme mfumo wa ofisi unasimamiwa na kampuni ya nje, na agizo limetafsiriwa neno kwa neno na mtu mwenye haraka. Fundi wa mbali anasoma "mbili usiku" na "moja asubuhi", anaandika kuzima 02:00 na kuwasha 01:00. Mfumo hauoni kosa lolote, maana kwa kompyuta hizo ni saa halali kabisa. Matokeo yake ni ofisi ambayo waifai yake imefungwa kwa saa 23 na hufunguka kwa saa moja tu kila siku, kuanzia saa saba hadi saa nane za usiku wa manane, kwa faida ya popo. Kosa hili halimo katika miongozo ya watengenezaji kwa sababu wao hawahesabu saa kuanzia macheo na machweo kama sisi. Dawa yake ni kuandika agizo la ratiba kwa tarakimu za saa 24 tangu mwanzo, hata kama mazungumzo yote yalikuwa ya Kiswahili.

Siku nazo zina tatizo la namna hiyohiyo. Katika hesabu ya asili ya pwani siku huanza jua linapozama, kwa hiyo mzee wa Lamu au Unguja akikuambia "usiku wa Ijumaa" anamaanisha usiku unaofuata Alhamisi mchana, ambao wengine huuita usiku wa kuamkia Ijumaa. Mfumo wa waifai unajua tu kwamba siku hubadilika saa sita usiku. Mgahawa unaotaka mtandao wa wateja ubaki wazi kuanzia saa nne usiku hadi saa nane usiku siku ya Ijumaa unahitaji mistari miwili: Ijumaa 22:00 hadi 24:00, na Jumamosi 00:00 hadi 02:00. Baadhi ya mifumo hukubali mstari mmoja unaovuka usiku wa manane, mingine huukataa, na mingine huukubali kisha kuufasiri kinyume, na njia ya uhakika ya kujua ni kuwapo pale saa sita usiku inapogonga.

Halafu kuna kanda za saa. Kenya, Tanzania na Uganda ziko saa tatu mbele ya UTC, ile saa ya dunia inayotumiwa na mitambo. Katika hifadhidata ya kanda za saa inayotegemewa na mifumo mingi ya kompyuta, Africa/Dar_es_Salaam na Africa/Kampala ni majina tu yanayoelekeza kwenye Africa/Nairobi, hivyo kuchagua lolote kati ya hayo ni sawa. Tatizo ni pale ambapo hakuna aliyechagua chochote na kifaa kikabaki na UTC kilichotoka nayo kiwandani. Ratiba ya 07:00 hadi 20:00 hapo inakuwa saa nne asubuhi hadi saa tano usiku. Mtego huohuo umefichwa kwenye zana nyingine: sheria za muda za iptables, zana ya ngome katika Linux, husoma UTC zisipoambiwa vinginevyo, na Active Directory ya Microsoft, daftari la watumiaji wa kompyuta za ofisi, huhifadhi saa za kuingia za mfanyakazi kwa UTC, biti 168, moja kwa kila saa ya wiki, kisha huzionyesha kwa saa ya kompyuta ya anayezitazama.

Kampuni yenye matawi hukutana na sura nyingine ya jambo hili. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ziko saa mbili mbele ya UTC. Kinshasa, ingawa ni nchi moja na Lubumbashi, iko saa moja tu mbele. Muscat iko saa nne. Ratiba moja iliyoandikwa Nairobi na kusambazwa kwa matawi yote kama tawi moja itafungua waifai ya Goma saa kumi na mbili asubuhi kwa saa ya huko, na ya Muscat saa mbili. Kama kuna tawi London, mambo yanasogea mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, hivyo pale ni lazima kuchagua jina la mji badala ya kuandika tofauti ya saa kwa namba. Mifumo mizuri huruhusu kila tawi liwe na kanda yake, na ni busara kuligawa hivyo hata kama majina ya mitandao na maneno ya siri ni yaleyale.

Kwa bahati nzuri makosa haya huacha alama. Waifai ikichelewa kwa saa tatu kamili, mtuhumiwa ni UTC. Ikipishana kwa saa moja, mtuhumiwa ni kanda ya jirani. Ikifunguka usiku wa manane tu, kuna mtu amesoma saa ya Kiswahili kwa jicho la kigeni.

Lakini kisa kinachosumbua zaidi kwetu kinatokana na umeme kukatika. Vifaa vingi vidogo vya mtandao havina betri ya kutunza saa. Umeme ukirudi, kifaa hakijui ni mwaka gani; vingi huanza upya kuhesabu kutoka tarehe 1 Januari 1970, saa 00:00 UTC, ambayo kwa kanda yetu ni saa tisa usiku wa kuamkia mchana wa Alhamisi. Kwa kawaida hali hiyo hudumu sekunde chache, kwa sababu kifaa huuliza saa kutoka kwenye seva za muda kwa itifaki ya NTP, iliyobuniwa na David Mills na ambayo maelezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1985. Ila NTP hupita kwenye bandari namba 123, yaani mlango wake wa mawasiliano, na ngome nyingi huizuia bila mtu kukumbuka. Au intaneti yenyewe inakuwa haijarudi kwa sababu mnara wa mtoa huduma nao ulikosa umeme.

Tazama kinachofuata. Ni Jumatatu, umeme umerudi saa nne asubuhi. Kifaa kinaamka kikiamini ni Alhamisi saa tisa usiku, kinasoma ratiba, kinakuta wakati huo mtandao unatakiwa kufungwa, na kinatii. Wafanyakazi wanazima na kuwasha kila kitu, na kila wanapozima wanakirudisha kifaa kwenye saa tisa ile ile. Wakikiacha, baada ya saa nne kitafika saa moja asubuhi ya akili yake, na waifai itafunguka yenyewe saa nane mchana bila mtu kugusa kitu. Kesho yake hakuna anayeweza kueleza kilichotokea. Kibaya zaidi, saa iliyokosewa inaweza kukizuia kifaa kuwasiliana na mfumo wa usimamizi ulioko kwenye intaneti, kwa sababu vyeti vya usalama vina tarehe ya kuanza kutumika, na kwa kifaa kilichoko mwaka 1970 vyeti vyote ni vya siku zijazo. Kwa hiyo kabla ya kuweka ratiba yoyote, hakikisha ndani ya ofisi kuna kifaa kimoja kinachotunza saa kwa betri, seva au ruta kubwa, na vingine vyote vielekezwe kuuliza saa kwake.

Nani yuko macho usiku?

Mwenye kampuni anapofikiria nani atumie waifai saa tatu usiku, anafikiria watu. Mashine hazimjii akilini. Chukua duka la dawa lenye friji ya chanjo: joto linatakiwa libaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na kipimajoto cha kisasa hutuma taarifa kila baada ya dakika chache kupitia waifai na kumpigia mfamasia kelele ya simu joto likipanda. Waifai ikizimwa saa mbili usiku, kipimajoto kinanyamaza. Kunyamaza kwake kunafanana kabisa na hali ya kuwa salama, mpaka mfamasia afungue friji asubuhi. Orodha inaendelea: kamera zisizo na waya, kufuli za milango zinazofunguliwa kwa kadi, mashine za malipo zinazofanya majumuisho ya siku usiku, kompyuta zinazopakua masasisho na kuhifadhi nakala za kumbukumbu wakati hakuna anayezitumia, na mlinzi anayesajili mizunguko yake kwa simu ya kampuni.

Njia bora ya kulijua hili ni kuacha kuwauliza watu na kuuliza mfumo wenyewe. Kwa wiki nzima kabla ya kuweka ratiba, fungua orodha ya vilivyounganishwa na uangalie nani alikuwepo saa tisa usiku. Katika orodha hiyo utakuta majina ambayo hakuna idara iliyoyataja kwenye kikao. Kila jina lihamishiwe kwenye mtandao wa mashine usiokuwa na ratiba, au livutiwe waya. Angalia pia kama kuna kifaa cha waifai kinachopata mtandao kutoka kwa kifaa kingine hewani badala ya waya. Ukikizima kinachotoa, kinachopokea nacho kinakosa mtandao, hata kama ratiba yake inasema kibaki wazi.

Watu nao wana lao. Mtandao ukitoweka, simu haikai bila intaneti. Inahamia kwenye data ya mwenyewe kimyakimya. Mfanyakazi aliyebaki kumalizia kazi na simu inayopakia video kwenye hifadhi anaweza kuamka kesho yake bando limekwisha, na lawama itakuja kwa mtu wa TEHAMA. Tangazo la siku mbili kabla halimgharimu mtu kitu.

Usalama na umeme, kwa ukweli wake

Ratiba hupunguza saa ambazo mtu aliyeegesha gari nje anaweza kuhangaika na mtandao wako, na hiyo ni faida. Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba inazipa kumbukumbu za mfumo maana: mtandao ukiwa unatakiwa kulala na kifaa kikajaribu kuingia kwa njia ya waya saa tano usiku, hiyo ni habari ya kufuatilia. Zaidi ya hapo isitarajiwe mengi. Neno la siri dhaifu la WPA2, aina ya ulinzi inayotumiwa na waifai nyingi, linaweza kunaswa katika salamu za kuunganishwa saa nne asubuhi na kubahatishwa usiku kucha nyumbani kwa mwizi, ofisi ikiwa imefungwa. Tundu la waya lililo wazi kwenye sehemu ya mapokezi halijui ratiba. Na mtandao wa wageni usio na neno la siri una udhaifu wake wa usiku: jina la kweli likiwa limezimwa, mtu akirusha jina lilelile, simu zinazolikumbuka zinaweza kujiunga naye bila kuuliza.

Kuhusu umeme, piga hesabu mwenyewe. Vifaa 20 vinavyotumia wati 10 kila kimoja, vikikatwa kwa saa 11 kila usiku, huokoa uniti 2.2 kwa usiku, yaani kama 66 kwa mwezi. Taa za korido zinazoachwa zikiwaka huenda zinakula zaidi. Hesabu hubadilika pale tu ofisi inapoendeshwa kwa sola na betri au jenereta.

Kinachobaki ni siku zisizofanana na nyingine, na hapa ratiba nyingi za waifai ni maskini: zinajua Jumatatu hadi Jumapili, hazijui sikukuu. Idd el-Fitri hutegemea mwezi kuonekana, na tangazo hutoka usiku wake. Mwezi wa Ramadhani saa za kazi husogezwa, na maduka mengi ya pwani hupata wateja wake baada ya futari, wakati ratiba ya mwaka mzima inasema kila mtu ameenda nyumbani. Andaa ratiba ya pili mapema, uipe jina lake, ili siku ikifika iwe ni kubadilisha moja kwa nyingine. Na uamue nani mwingine, mbali na fundi, anaruhusiwa kufungua mtandao nje ya saa zake, kisha umwonyeshe kitufe kilipo kwenye kompyuta iliyochomekwa waya, kwa sababu usiku atakaokihitaji hataweza kukifikia kwa waifai.